Sungura wa mbegu wa maonyesho: dume 12,000, majike 9,000 kila mmoja. Ni bei au naliwa?

#1 Kizimba_Utange (mwenye uzi)

Salaam wana jukwaa. Miaka miwili nasoma humu kimya kimya, leo nimebanwa.

Niko Utange, Mombasa. Vizimba sita vya mbao nyuma ya nyumba, paa la makuti. Sungura ninao tangu zamani, wale wa kununuliwa sokoni Kongowea ndani ya tenga: mmoja mweupe, mwingine wa madoa, babake hajulikani. Wanazaa, tunakula, majirani wananunua. Sina kesi nao.

Kilichoniharibu ni shoo ya kilimo ya Mkomani. Nilikwenda kutazama trekta nikaishia kwenye sungura. Palikuwa na jike mweupe wa New Zealand, mgongo mviringo kama bakuli lililofudikizwa, manyoya ukiyasukuma kinyume yanarudi yenyewe mahali pake. Nilisimama pale mpaka mwanangu akachoka kunivuta shati.

Sasa nataka mbegu ya kweli, ya kupeleka shoo na ya kuuzia wengine. Nimempata mfugaji wa bara, upande wa Kiambu. Kanitumia picha na karatasi ya nasaba. Dume ni bingwa, anataka 12,000. Majike wawili, 9,000 kila mmoja. Jumla 30,000, usafiri juu yangu. Pia ana sungura wa aina ya California wa 8,000, pua nyeusi tii kama kaa. Na huku Kongowea jike mkubwa napewa kwa 1,500.

Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Huyo wa elfu kumi na mbili mkia wake wa dhahabu?" Nikakosa jibu, nikaenda kulisha vifaranga.

Tafadhali msiniambie bei ni maelewano. Hilo najua. Nataka kujua mtu anahesabuje kabla ya kuelewana.

#2 Mpwani_Halisi

Elfu thelathini ya sungura? Yakhe, hiyo ni mbuzi, mchele wa pilau na wageni wa kuila. Nakaa hapa nisome.

#3 Babu_Mikindani

Mwanangu wa Utange, umeuliza vizuri. Nafuga sungura tangu wanangu wakivaa kaptura, na sasa wana watoto wao. Nimelipa bei za kijinga na nimekataa wanyama ambao mpaka leo nikiwakumbuka najilaumu.

Jina lisikutie kiwewe kwanza. New Zealand si mnyama wa New Zealand, ni kazi ya Wamarekani. Wana kitabu chao cha viwango, cha chama cha wafugaji wa sungura kinachoitwa ARBA ambacho kiko tangu 1910, na humo dume mzima wa New Zealand anatakiwa awe kilo 4.1 hadi 5, jike kilo 4.5 hadi 5.4. Zaidi ya nusu ya alama zinakwenda kwenye umbo la mwili. Sura ya kupendeza haikufikishi popote. Kwa hiyo mtu akikutumia picha ya uso, amekutumia kitu kisicho na alama. Mwambie akupe picha ya ubavu, sungura amekaa kawaida, na nyingine kutoka juu. Mgongo upande kutoka mabegani, ufike kileleni juu ya nyonga, ushuke mviringo mpaka mkiani. Ukiona nyonga zimechongoka kama kona za meza, bei inashuka hapo hapo.

Karatasi ya nasaba. Vizazi vitatu ni majina 14: wazazi wawili, wazazi wao wanne, na wanane juu yao. Majina matupu ni mapambo ya ukutani. Tafuta uzito wa kila mmoja na namba ya sikio. Kwa mtindo wa Marekani namba huchanjwa ndani ya sikio la kushoto. Waingereza huvisha pete mguuni. Namba ya sikioni isipolingana na ya karatasini, basi unanunua karatasi.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na vijana wengi: usimtazame sana huyo anayeuzwa. Mtazame mamake, na ndugu zake wa tumbo moja. Sungura mmoja mzuri aliyetoka kwenye tumbo la wanane hovyo ni bahati, na bahati hairithiwi. Wanane wakiwa wazuri sita, hata yule wa saba, mwenye kasoro ndogo, mimi namchukua. Kile unacholipia ni ukoo. Ndiyo maana huwa namuuliza muuzaji hivi: "Kwenye tumbo hili ulibakisha wangapi, na waliobaki walikwenda wapi?" Akikwambia wote walikuwa wazuri, shukuru kwa chai na uondoke. Mfugaji wa shoo wa kweli wengi wa watoto wake huishia chunguni.

Ukimshika, mpakate chali mapajani. Meno ya juu yafunike ya chini kidogo, yasikutane ncha kwa ncha wala ya chini yasitokeze mbele. Kasoro ya meno mara nyingi ni ya damu, na huyo hata wa bure usimchukue. Hesabu kucha: tano kila mguu wa mbele, nne kila mguu wa nyuma, jumla 18. Tazama nyayo za nyuma kama zina vidonda, masikio kama yana ukoko, na dume awe na korodani zote mbili. Halafu kitu ambacho wengi hawakiangalii: manyoya ya upande wa ndani wa mikono ya mbele. Yakiwa yamegandana kama yaliyopakwa uji, huyo anajifuta pua mchana kutwa. Ana mafua ya sungura, na utayaingiza kwenye banda zima.

Mimi kanuni yangu ni ya kienyeji. Nachukua bei ya nyama mahali nilipo. Mnyama mwenye afya na asiye na daftari, sizidishi hata mara mbili. Mwenye daftari la uzazi la mamake, hadi mara tatu au nne. Na ambaye sijamwona mamake kwa macho yangu, hata awe na vikombe, sijapata kuvuka mara tano. Kwa 1,500 yako ya Kongowea, mara tano ni 7,500. Huyo wa 12,000 kavuka mpaka wangu. Labda wewe una mpaka wako.

#4 Kizimba_Utange

Shikamoo mzee. Hiyo ya mikono ya mbele sijawahi kuisikia. Nimekwenda kuwaangalia wangu sasa hivi kwa tochi, mmoja ana dalili. Namtenga.

#5 Babu_Mikindani

Marahaba. Mtenge, na umlishe wa mwisho, baada ya wengine. Unawe mikono.

#6 Changamwe_Kijana

Acheni niwape yangu mcheke. Nilinunua "Flemish Giant" kwa simu. Thao nane, mtoto wa miezi miwili. Jamaa akanitumia picha ya mnyama mkubwa kama mbwa, ati ndiye babake. Nikatuma pesa, mtoto akaja kwenye boksi la sabuni. Masikio marefu, nikafurahi, nikampa jina.

Flemish jike mzima hatakiwi kupungua kilo 6.3 hivi, dume 5.9. Mimi nikangoja. Miezi minne, nikasema bado anakua. Sita, nikasema hawa wakubwa huchelewa. Miezi kumi nikambeba kwenye kikapu mpaka duka la nafaka, mwenye duka akaondoa maharagwe kwenye mizani tukampima mbele ya wateja. Kilo 3.9. Mama mmoja kwenye foleni akauliza, "Huyo kilo ni ngapi?"

Somo langu ni hili: picha ya baba si baba. Na mtoto wa wiki nane hajulikani atakuwa nini, ukimnunua bei ya bingwa umenunua bahati nasibu.

#7 Mpwani_Halisi

"Huyo kilo ni ngapi" 😂😂 nimemwaga chai.

#8 MamaPeleti_Kisauni

Mimi nauza chakula cha mifugo, kwa hiyo nitaongea lugha yangu. Babangu Mikindani kaanza na mnyama. Mimi naanza na mfuko.

Kwangu mfuko wa peleti wa kilo 50 ni 2,800. Sungura mzima hula kama gramu 150 kwa siku. Jike anayenyonyesha hula maradufu na kupita. Dume mmoja na majike wawili wanaozaa, weka mifuko mitano kwa mwaka. Sasa watoto: hapa kwetu miezi ya joto wengi hawapandishi, basi sema jike anazaa mara nne, kila mara anaachisha sita. Majike wawili, watoto 48. Kila mtoto kutoka kuachishwa hadi kufikia kuuzwa atakula kilo tano na nusu hivi. Hiyo ni mifuko mitano na ushei. Jumla ya mwaka ni kama 29,000. Majani ya viazi na nyasi kavu yatapunguza, lakini mtoto wa shoo hutamlea kwa majani matupu.

Mwaka mmoja wa chakula ni bei ya hao sungura watatu tena. Na sungura wa 1,500 hali peleti za bei nafuu kwa sababu yeye ni wa bei nafuu. Anakula zile zile.

Haya, upande wa mauzo. Watoto 48 wakiuzwa nyama kwa 900, ni 43,200. Hiyo utaipata kwa wa Kongowea au kwa wa bara. Tofauti inakuja kwa wale utakaowauza kama mbegu. Tuseme theluthi moja wanafaa, 16, kwa 2,500. Kila mmoja anakuongezea 1,600 juu ya nyama. Mara 16 ni 25,600. Na wewe kwa kununua wa bara badala ya watatu wa Kongowea umezidisha 25,500. Umeona? Mwaka mmoja unarudisha pesa yako, ukipata wateja 16. Ukipata wanane, ni miaka miwili. Ukipata watatu, utakuwa unafuga kwa ajili ya shoo na heshima, na hilo si dhambi, ila usiliite biashara.

Kwa hiyo kabla hujatuma hata shilingi, nitajie watu wanane wa hapa pwani watakaonunua mtoto kwa 2,500.

#9 Kizimba_Utange

Mama, umenikamata. Ninao watatu wa kweli na wawili wa "tutaona".

Swali kwa wote. Pesa yangu nikiiweka pahali pamoja, niweke kwa dume au kwa jike?

#10 Babu_Mikindani

Dume ni nusu ya banda. Jike mbaya ataharibu tumbo lake tu, dume mbaya ataharibu yote. Mimi siku zote naweka pesa kwa dume.

#11 Mifugo_Mtwapa

Mzee wangu Babu, kwa heshima zote, hapo nakupinga, na ni kwa sababu ya mahali tulipo. Mimi ni mhudumu wa mifugo, na kila kaskazi, msimu wa joto, napigiwa simu moja ile ile: "Daktari, majike hawashiki."

Sungura hatoki jasho kama sisi. Joto analitoa kwa masikio na kwa kuhema. Raha yake ni digrii kumi na tano hadi ishirini hivi. Hapa Januari hadi Machi mchana unafika 32, 33, na unyevu juu yake, na usiku haupoi. Siku chache mfululizo za zaidi ya digrii 30 zinatosha kuharibu mbegu za dume. Na kutengeneza mbegu mpya kunachukua kama wiki saba. Maana yake, dume aliyepigwa na joto Februari atampanda jike vizuri kabisa, ataanguka ubavu kama kawaida yao, utaandika tarehe kwenye daftari, na siku ya 31 utakuta sanduku la kuzalia tupu. Itaendelea hivyo mpaka Aprili. Dume mwenyewe haumwi, anakula, ananenepa. Ndipo mtu anasema "nimeuziwa dume tasa" na kumgombeza mtu wa bara ambaye hana kosa.

Sasa fikiria umeweka 12,000 zote kwa huyo mmoja. Huko Kiambu nusu ya banda ni nusu ya banda. Hapa, kwa miezi kadhaa ya mwaka, nusu ya banda yako imelala. Ningekuwa wewe ningenunua ndugu wawili wa huyo bingwa, vijana, kila mmoja kwa chini ya nusu ya bei yake. Damu ni ile ile ya baba na mama. Mmoja mweke upande unaopata upepo wa bahari, chupa ya maji ya barafu kizimbani kuanzia saa tano mchana, na umpe kazi wakati mwenzake amechoka.

Na paa lako la makuti lina thamani kuliko unavyojua. Nimeona banda la mabati Mishomoroni, ndani ni tanuri. Mwenye bati asilipe bei ya shoo kabla hajabadilisha paa.

Kuhusu huyo California wa pua kama kaa, kuwa mwangalifu. George West alianza kuitengeneza aina hiyo Marekani mwaka 1923, akachanganya sungura wa New Zealand, Chinchilla na Himalaya. Weusi wa pua, masikio, miguu na mkia unatoka kwa Himalaya, na rangi hiyo inategemea baridi. Sehemu za mwili zilizo baridi ndizo zinazojipaka weusi. Ukimtoa kwenye ubaridi wa Kiambu ukamleta Utange, akibadilisha manyoya anaweza kurudi na pua ya rangi ya kahawa yenye maziwa. Hajaumwa wala hujadanganywa. Lakini usilipie weusi ambao hautavuka Mariakani. Mlipie umbo.

#12 Babu_Mikindani

Nimesoma mara mbili. Februari ya mwaka juzi dume wangu alinifanyia hivyo hivyo, nikamchinja. Mwenyezi Mungu anisamehe, kumbe alikuwa mzima.

#13 Mpwani_Halisi

Innalillahi. Angalau alikuwa mtamu?

#14 Babu_Mikindani

Alikuwa mgumu.

#15 WaBara_Bamburi

Nimekulia Limuru kwenye nyumba yenye sungura, sasa niko Bamburi miaka tisa, basi nimtetee kidogo huyo muuzaji kabla hamjamzika.

12,000 si wizi kwa lazima. Fikiria anaacha wangapi ili apate huyo mmoja. Analea matumbo manne, watoto thelathini, hadi miezi mitano au sita, maana kabla ya hapo hujui. Miezi mitatu hadi mitano New Zealand anapitia umri mbaya: anarefuka, anakuwa miguu mitupu, hata yule atakayekuja kuwa bingwa. Wote hao wamekula. Mwisho anabakisha watatu. Bei ya huyo mmoja imebeba peleti za ndugu zake.

Lakini kuna vitu ambavyo mfugaji wa shoo anavibeba kwa bei na wewe wa mbegu havikuhusu. Hapo ndipo pa kumbana.

Cha kwanza, ubingwa wenyewe. Kikombe ni chake, siku ile, mbele ya mwamuzi yule. Watoto wake hawazaliwi na kikombe. Shemeji yako akishinda mbio, hutamlipa ndugu yake mshahara wa mkimbiaji, lakini ukitaka ukoo wa miguu mirefu, ndugu yake anatosha.

Cha pili, kasoro za ajali. Sikio lililopasuka kwa sababu waligombana, ukucha uliong'oka kwenye waya, mkia uliobanwa na mlango. Hao mezani kwa mwamuzi wanaondolewa, na kwa hiyo bei yao inaanguka. Lakini sikio lililopasuka halizai masikio yaliyopasuka. Muulize waziwazi: "Una jike mzuri aliyeharibika kwa ajali?" Wengi wanaye, yuko kizimba cha nyuma, na hawamtangazi kwa sababu hana picha nzuri. Dada yangu alichukua mmoja hivyo na mpaka leo ndiye mama wa banda lake.

Cha tatu, jike wa miaka miwili. Wafugaji wa shoo huwaondoa wakubwa ili wapishe wasichana. Jike wa umri huo ameshajionyesha: amezaa wangapi, amelea wangapi, maziwa yapo, hakuli watoto wake. Amebakiwa na matumbo kadhaa mazuri. Omba daftari, usome uzito wa watoto wake wa wiki nane. Kwa New Zealand wa peleti, kilo 1.8 hadi 2 ni kazi nzuri. Kumbuka tu kwamba hiyo ni kilo ya huko kwenye baridi, kwako joto litakata.

Na kama bajeti ni ndogo, kuna kituo cha serikali cha kuzalisha sungura pale Ngong. Wafugaji wengi wameanzia hapo. Uliza kabla hujamaliza.

#16 Changamwe_Kijana

Hiyo ya ajali inataka macho. Mtu anaweza kukuambia meno yalipinda kwa sababu aling'ata waya.

#17 WaBara_Bamburi

Kweli kabisa. Kwa meno usikubali hadithi yoyote, hata ikiwa ya kweli. Huwezi kuithibitisha.

#18 Kizimba_Utange

Asanteni. Nimempigia muuzaji jana usiku, saa nzima. Nilipouliza "ulibakisha wangapi" alinyamaza, nikadhani nimemkosea. Kisha akacheka akasema, "Wewe nani amekufundisha?" Akaniambia: tumbo la bingwa lilikuwa na wanane, mmoja alikufa, wanne walikwenda chunguni, watatu wapo, bingwa na ndugu zake wawili wa miezi minne na nusu. (Bingwa alishinda daraja la wadogo, kumbe. Kwenye tangazo hilo halikuwepo.)

Jike aliyeharibika kwa ajali anaye. Miaka miwili, sikio la kulia limepasuka hadi katikati. Ni mama wa mmojawapo wa wale wa 9,000, na hana undugu na hao madume. Amenipigia picha za kurasa nne za daftari, maandishi ya kalamu ya risasi, mengine yamelowa maji. Matumbo sita, aliachisha 41.

Niitishe nini kingine kabla ya kutuma pesa? Na wanasafirije?

#19 Mifugo_Mtwapa

Wasafiri usiku. Mchana kutoka Mtito Andei hadi Voi ndani ya buti la basi ni kifo. Kila mmoja kreti yake, hewa pande zote, chupa ya maji yaliyogandishwa imefungwa kitambaa. Mpe karoti au mboga ya majimaji njiani badala ya bakuli la maji litakalomwagika. Muuzaji achukue kibali cha kusafirisha mifugo kwa ofisi ya mifugo ya kwao, mwambie mapema. Wakifika, siku 30 mbali na wako wa zamani, hasa huyo mwenye mafua.

#20 MamaPeleti_Kisauni

Itisha kilo tano za chakula anachowalisha huko, uwabadilishe pole pole kwa wiki moja, wiki na nusu. Wengi mnapoteza sungura wa bei kwa kuharisha wiki ya kwanza, halafu mnalaumu safari. Na makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: dume asipozalisha ndani ya muda fulani, anabadilishwa au pesa inarudi nusu. Huo muda uhesabuni tangu kusi, msimu wa ubaridi, msianze kaskazi, mtagombana bure.

#21 Kizimba_Utange

Wiki mbili na nusu baadaye. Mrejesho, maana sipendi nyuzi zinazokatika.

Madume ndugu wawili, 4,500 kila mmoja. Jike wa sikio lililopasuka, 5,500. Binti yake, 7,500. Jumla 22,000 kwa wanne, badala ya 30,000 kwa watatu. Basi na kreti 2,600. California nilimwacha na pua yake.

Walifika Mwembe Tayari saa kumi na moja alfajiri. Nilikwenda na mke wangu, ambaye alikuwa amesoma uzi huu wote bila kuniambia. Pale pale kando ya barabara, mwendesha tuktuk anatungoja, akampakata dume wa kwanza chali juu ya leso akaanza kuhesabu kwa tochi ya simu. Kumi na nane. Wa pili akahesabu, akarudia, akanitazama.

"Kumi na saba."

Mguu wa nyuma wa kushoto, kidole cha nje, ukucha hakuna. Ngozi imekunjamana pale, kovu la zamani. Nikampigia muuzaji papo hapo, bado yuko kitandani. Hakubisha. Akasema ulinaswa kwenye waya akiwa mdogo, alisahau kutaja. Kabla hatujafika Kisauni alikuwa amerudisha 1,500 kwa M-Pesa. Kwa hiyo jumla ni 20,500, na huyo wa 3,000 hataona meza ya mwamuzi maishani mwake. Kazi nyingine anaiweza.

#22 Babu_Mikindani

Bibi huyo alindwe. Wanunuzi wenye macho kama yake ni wachache mjini.

Lakini muuzaji aliyesahau ukucha mmoja anaweza kuwa amesahau mengine. Wapime wote kila mwezi, uandike.

#23 Kizimba_Utange

Mwezi wa pili sasa. Mzee, naandika. Dume wa kucha 18: kilo 3.9. Wa kucha 17: kilo 4.2, na mgongo wake ndio unaojaza kiganja. Sijui nicheke au nilie. Binti alikosa raha wiki ya kwanza, akaacha kula siku moja, karudi sawa. Mwenye mafua niliwaondolea kabisa, hayupo tena bandani.

Kusi inavuma vizuri, mchana hauzidi 28. Alhamisi jioni nilimpeleka jike mkubwa kwa huyo wa 17, jike ndiye anayepelekwa kwa dume. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi hii. Siku ya 28 naweka sanduku.

#24 Mpwani_Halisi

Haya basi. Mwanangu wa kike ananisumbua anataka sungura mweupe. Mtoto mmoja wa huyo jike wa sikio, bei gani?

#25 Kizimba_Utange

2,500. Ila uje umwone mamake kwanza.

#26 MamaPeleti_Kisauni

Huyo mmoja. Bado 15.